Bahari Iliyofungiwa Kiooni Yataka Mlezi

Mkazi wa kisiwani anayeamua kufuga samaki wa bahari nyumbani kwake huianza kazi hiyo kwa matumaini makubwa. Bahari iko mlangoni, maji yake hayanunuliwi, na samaki wa rangi wamejaa miambani. Huona kwamba lililobaki ni kioo, pampu na pembe ya sebule ya kuliweka tangi. Wiki chache baadaye maji hupoteza mng'aro wake, kioo hushika utelezi, samaki huja juu wakihema, na mmoja baada ya mwingine hufa. Maji humwagwa, mengine huchotwa, samaki wengine huletwa, na mambo huwa yale yale.

Huenda msomaji akauliza kwa nini safu hii ishughulike na pambo la sebuleni ilhali yapo mambo mazito zaidi ya kuzungumzwa. Sababu tunazo tatu. Kwanza, kila samaki anayekufa tangini nafasi yake hujazwa na mwingine kutoka mwambani, na mwamba huo ni mali ya wananchi wote. Pili, elimu inayohitajika kulitunza tangi la nyumbani ndiyo elimu ile ile inayohitajika katika ufugaji wa samaki, majongoo na kaa, kazi ambayo Serikali inaihimiza katika visiwa vyetu. Tatu, yale yanayolipata tangi dogo kwa muda wa wiki sita ndiyo yanayoipata pwani ya mji kwa muda wa miaka mingi. Kwa hiyo anayeelewa tangi huelewa pia jambo kubwa kuliko tangi.

SUMU ISIYOONEKANA

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba maji yanayong'aa ni maji safi. Sumu inayoua samaki wengi wa tangini haina rangi, nayo ni amonia. Samaki huitoa kwa mashavu yake kila anapopumua, na hutoka pia katika chakula kilichobaki, katika kinyesi na katika kiumbe chochote kilichokufa na kuoza nyuma ya jiwe. Baharini amonia hiyo husambaa katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita mia moja haina pa kwenda.

Hapo inafaa kueleza jambo ambalo wafugaji wa samaki wa maji baridi huweza kutolijua. Amonia ipo majini kwa hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo. Kadiri kipimo cha pH kinavyopanda na maji yanavyozidi joto, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile kali. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na hali ya hewa yetu ni ya joto. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekistahimili chaweza kumwua samaki wa mwambani.

Mazingira ya asili yana watumishi wake wa kuiondoa sumu hiyo, nao ni bakteria. Aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana kwa samaki mpaka iwe nyingi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyeithibitisha kazi ya bakteria hao mnamo miaka ya 1889 na 1890. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba kuna viumbe wengine wadogo mno, wasiokuwa bakteria hasa, wanaofanya kazi ya kuigeuza amonia. Kiumbe wa kwanza wa namna hiyo kufugwa maabara alitolewa katika tangi la maji ya bahari la maonyesho ya samaki huko Seattle, Marekani. Tangi la samaki, basi, limekwisha kuipa dunia elimu isiyo ndogo.

Watumishi hao hawaji kwa siku moja. Hukaa juu ya mchanga, juu ya mawe na ndani ya chujio, na huongezeka polepole. Kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Anayetia maji Jumatatu na samaki kumi Jumanne huwa amewaleta wageni katika nyumba isiyo na jiko wala choo. Amonia hupanda katika siku za mwanzo, kisha nitriti hufuata, na samaki hufa katika kipindi hicho. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Tangi lianzishwe kwa mawe na mchanga, litiwe chakula kidogo cha kuwalisha bakteria, lipimwe, na samaki wasiingizwe mpaka amonia na nitriti zote mbili zisome sifuri. Hata hapo waingizwe mmoja au wawili, si kundi zima.

Na wanapokwisha kuzaliana, watumishi hao waheshimiwe. Tumepata kuona watu wenye bidii ya usafi wakilitoa chujio na kulisugua kwa sabuni na maji ya bomba mpaka linukie. Mtu huyo ameua jeshi lake mwenyewe, na baada ya siku chache hushangaa kuona maji yamechafuka kuliko kabla ya kusafisha. Chujio lisuuzwe kwa maji ya tangini yaliyotolewa wakati wa kubadilisha maji, lisitiwe sabuni kabisa, wala mawe yote na mchanga wote visioshwe siku moja.

HESABU YA KUBADILISHA MAJI

Tatizo linalowasumbua hata wafugaji wazoefu ni la nitrati isiyoshuka. Mtu hubadilisha maji kila wiki, tena kwa uaminifu, na bado kipimo husoma juu, mwani wa kijani hufunika kioo, na utando mwekundu wenye utelezi hutanda mchangani. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa. Sisi tunasema kwanza ipigwe hesabu.

Tuchukue tangi ambalo chakula na kinyesi huliongezea miligramu 5 za nitrati kwa kila lita kila wiki. Mwenyewe hubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki kwa maji yasiyo na nitrati hata kidogo. Nitrati itaendelea kupanda mpaka ifike miligramu 50. Hapo kubadilisha maji kutaondoa 5, wiki itarudisha 5, na kipimo kitabaki hapo mwaka mzima. Akibadilisha sehemu moja ya tano, kilele kitakuwa 25. Na kama maji mapya yenyewe yana nitrati miligramu 20, basi yule wa kwanza hatapumzika kwenye 50 bali kwenye 70. Maji ya bahari ya mwambani yana nitrati isiyofika hata miligramu moja kwa lita.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba uchafu uliokwisha kujaa huondolewa kwa mabadiliko makubwa, si kwa kudonoa. Tangi lenye miligramu 80 likibadilishwa nusu ya maji mara tatu, kwa kupishanisha siku kadhaa ili samaki wazoee, litashuka hadi 40, kisha 20, kisha 10. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba dawa ya kudumu ni kupunguza kinachoingia. Samaki wengi katika matangi yetu hushiba kupita kiasi. Walishwe kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili au tatu, mara moja kwa siku. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe kwanza na maji yake yamwagwe, kwa sababu maji hayo hubeba fosfati, na fosfati ni mbolea ya mwani. Sifongo la chujio linaloachwa mwezi mzima likiwa limejaa takataka hugeuka kiwanda cha nitrati ndani ya tangi lenyewe. Mchanga unaokusanya matope ufyonzwe kwa mpira wakati maji yanapotolewa.

Upo pia mtambo wa kuchota povu, ambao hupitisha mapovu madogo ya hewa katika maji na kuunasa uchafu kabla haujaoza. Huo ni mtambo wa maji ya bahari hasa, kwa kuwa maji baridi hayatoi povu la namna hiyo kwa urahisi. Mwenye uwezo na aununue. Lakini mtambo hauondoi ulafi wa mlishaji.

Jambo jingine ni shaba. Dawa nyingi za ugonjwa wa madoadoa meupe ya samaki wa bahari zina shaba ndani yake. Shaba hiyo huwaponya samaki, lakini huwaua kamba, konokono na matumbawe, na hunywewa na mawe, kisha kutoka humo kidogo kidogo kwa muda mrefu. Samaki mgonjwa atibiwe katika chombo cha pembeni. Vivyo hivyo, viungo vya mabomba vya shaba visiguse maji ya tangi.

MAJI YACHOTWE WAPI NA LINI

Sisi wa visiwani tuna bahati ambayo mfugaji wa Nairobi au wa Ujerumani hana. Yeye hununua chumvi ya kuchanganya. Sisi tuna bahari yenyewe. Lakini bahari si mahali pamoja wala si saa moja.

Asiyejua huteremka ufukoni wakati maji yamekupwa na kujaza ndoo yake penye kina cha goti. Hayo ni maji yaliyopikwa na jua, yenye mchanga na taka za ufukweni. Maji mazuri huchotwa maji yanapojaa, hasa siku za bamvua, bahari ya nje inapoingia kwa nguvu. Tena yachotwe kwa ngalawa mbali kidogo na pwani, mbali na bandari, na mbali na midomo ya mitaro. Kwa miaka mingi maji machafu ya Mji Mkongwe wa Unguja yamekuwa yakitoka baharini kwa mitaro. Anayechota karibu na mdomo wa mtaro huwa anajaza tangi lake amonia kabla hajamtia hata samaki mmoja. Wakati wa masika, baada ya mvua kubwa, asichote kabisa kwa siku kadhaa, kwa sababu maji ya juu ya nchi huteremka na udongo na uchafu, na chumvi ya maji ya pwani hupungua.

Chumvi nayo ina kipimo chake. Maji ya bahari yetu yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Tangini maji huwa mvuke, chumvi haiondoki. Tangi la lita 100 linalopoteza lita moja kwa siku na kujazwa kwa maji ya bahari litakuwa limefika gramu 38 na nusu kwa siku kumi, na gramu 42 kwa siku ishirini. Samaki huanza kudhoofika, na mwenyewe hulaumu chakula. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi. Yale tu yaliyotolewa kwa mkono yajazwe kwa maji ya bahari.

Na maji baridi gani? Maji ya kisima kilicho karibu na mashimo ya vyoo huwa na nitrati nyingi, na mfugaji anayeyatumia hujaza mwani kwa mkono wake. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yawekwe wazi kwa siku moja au mbili yakipigwa hewa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la paa, huwa bora kwa kazi hii, mradi hayakupita kwenye mabati yenye kutu wala mabomba ya shaba.

Anayetaka kuona namna maumbile yanavyobadilisha maji na aende Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Huko liko bwawa la asili la maji ya chumvi, limezungukwa na mawe ya matumbawe, ambamo wanakijiji wametunza kasa tangu mwaka 1993. Maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Bahari inalifanyia bwawa lile kila siku kazi ambayo mwenye tangi analazimika kuifanya kwa ndoo.

UMEME UKIKATIKA

Tangi la maji ya bahari linategemea umeme. Maji ya chumvi hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko maji baridi ya joto lile lile, na kadiri yanavyozidi joto ndivyo yanavyoshika kidogo zaidi. Pampu ikisimama, samaki hukosa pumzi kwa saa chache. Bakteria waliomo ndani ya chujio lililofungwa nao hufa kwa kukosa oksijeni, na umeme unaporudi uchafu wao husukumwa tangini kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo baada ya kukatika kwa muda mrefu, maji yaliyosimama katika chujio yamwagwe kwanza kabla ya pampu kuwashwa.

Wazanzibari hatuhitaji kukumbushwa maana ya kukosa umeme. Unguja ilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwenye kufuga samaki asipojiwekea akiba ya pampu ndogo ya betri huwa amejenga juu ya mchanga.

Hata hivyo, asiye na betri ana mikono. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe ya pwani ya Torquay akayapeleka kwake London, mbali na bahari, wakati ambapo hapakuwa na pampu wala umeme wa nyumbani. Aliyahifadhi hai kwa kuyamimina maji yake kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, kazi aliyoifanya kwa msaada wa mtumishi wake. Baada yake, mwaka 1850, Robert Warington akaeleza jinsi mimea na wanyama wa majini wanavyoweza kutegemeana katika chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowafanya Waingereza wengi washikwe na hamu hiyo. Hamu ile ilikuwa na hasara yake. Watu walivamia fukwe na kuchuma viumbe wa miambani bila kiasi, na vingi vilifia katika vyombo vya wasiojua. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alionyesha kwamba mawe hai ya mwambani, mwanga na mapovu ya hewa vinaweza kulitunza tangi kwa mitambo michache sana. Siri ya mawe hayo ni kwamba ndani yake, kusikofika oksijeni, huishi bakteria wengine wanaoigeuza nitrati kuwa hewa ya nitrojeni na kuirudisha angani.

Hapa lazima tuseme neno la tahadhari. Ubora wa mawe hai si ruhusa ya kwenda mwambani na shoka. Biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Miamba yetu imekwisha kuumizwa na joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016, haihitaji kuumizwa na mapambo. Mawe makavu yenye vitundu, yakipewa muda, hukaliwa na bakteria vilevile. Mwenye subira hana haja ya kuvunja kitu.

WAJIBU WA MWANANCHI NA WA OFISI

Tangi linapowekwa katika ofisi, shule au jengo lolote la umma, mara nyingi huwa la wote, na kitu cha wote kisipopewa mtu huwa si cha yeyote. Mmoja hulisha asubuhi, mwingine hulisha mchana kwa kuwa hakumwona wa kwanza, na wa tatu hutupa kipande cha mkate kwa huruma. Tunapendekeza kila tangi la umma liwe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, na daftari moja. Humo kila wiki ziandikwe tarehe, joto, chumvi, amonia, nitriti, nitrati na kiasi cha maji yaliyobadilishwa. Tatizo sugu halitatuliwi kwa kumbukumbu ya kichwani. Daftari la miezi mitatu litaonyesha wazi kama nitrati ilianza kupanda baada ya samaki wapya kuingizwa, au baada ya mchotaji wa maji kuhama sehemu ya kuchota.

Tangi la shule likitunzwa hivyo huwa darasa la kemia, la hesabu na la elimu ya viumbe kwa pamoja, tena kwa gharama ndogo. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona nitriti ikipanda na kushuka kwa kipimo chake mwenyewe hatahitaji kubembelezwa ili aelewe kwa nini kinyesi kisitiririke baharini.

Kwa upande wa wataalamu, tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978, na tunacho kituo cha kuzalisha viumbe wa bahari cha Beit el Ras. Elimu iliyomo humo isibaki katika ripoti. Itolewe kwa Kiswahili chepesi kwa walimu, kwa wafugaji wa majongoo na kaa wa Unguja na Pemba, na kwa wenye matangi. Maafisa wa uvuvi nao wasitazame tu idadi ya samaki wa mapambo wanaotolewa mwambani, bali waulize pia ni wangapi wanaobaki hai baada ya miezi mitatu. Asiyeweza kuwatunza aliowachukua mwanzo hana hoja ya kuruhusiwa kuchukua wengine.

Tangi likishindikana kabisa, njia ya heshima ni kupunguza samaki na kupunguza chakula, kisha kusubiri. Kuongeza dawa juu ya dawa na samaki juu ya samaki ni kuongeza mzigo kwa mgonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa tangi ni ule wa kwanza kabisa: kipimo ambacho hakikupimwa.

Bahari haikatai kufungiwa kiooni, lakini kazi zote ambazo mawimbi, mikondo na bamvua huzifanya bila malipo humwangukia aliyeifungia. Mwenye kuzikubali kazi hizo na afuge. Asiyezikubali na ateremke ufukoni maji yakikupwa, avae viatu, awatazame samaki wale wale katika vidimbwi vyao, kisha arudi kwake mikono mitupu.